Lori la Majeneza Lilifika Gcobeni na Hakuna Aliyekufa

Asubuhi ile lori liliingia kijijini kwetu likiwa limebeba majeneza.

Na hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

Tena hayakuwa majeneza ya kawaida. Yalikuwa madogo, ya mbao nyeupe, kila moja linaingia kwapani. Yamepangwa juu kwa juu kama kreti za soda, yamekazwa kwa kamba.

Nilikuwa shambani napalilia magimbi. Lori likapita, na mmoja wa vijana waliokaa juu ya mzigo akanipungia mkono kama vile anakwenda harusini.

Jembe likanidondoka.

Ndugu zangu, haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo. Na pamoja na kuwepo kwangu, mwisho wake ulinipiga chenga kama utakavyowapiga ninyi.

Naitwa Khanyiswa. Ni mwanamke wa Kimpondo, wa Gcobeni, huku Afrika Kusini, upande ambao malisho yanateremka mpaka yanakutana na bahari. Chini ya majani yetu kuna mchanga mweusi. Ndani ya mchanga huo kuna madini.

Hilo ndilo kosa letu.

Kampuni iliutaka mchanga. Serikali ikatoa leseni. Chifu wetu mkubwa, anayeishi mbali huko kwenye nyumba yenye geti la umeme, akasaini kwa niaba yetu.

Sisi tulikataa. Kila mkutano tulikataa. Wakaenda redioni kutangaza kwamba "wananchi wameshirikishwa".

Mtu anakuja kukwambia anachukua shamba lako, halafu anasema amekushirikisha. Aisee!

Barabara ya malori yao ilipangwa kupita juu ya kilima chetu cha makaburi. Kwa hiyo wafu wetu walitakiwa kupisha. Ndiyo maana ya yale masanduku. Mifupa haihitaji jeneza refu.

Kabla ya siku hiyo tulishaishi miezi mingi kama kuku walioona mwewe.

Kindege kidogo cha kamera kilikuwa kinazunguka juu ya mazizi yetu, kinalia kama nyuki. Ng'ombe wakawa hawatulii. Akina mama wakawa wanaacha chungu jikoni kila wakisikia gari. Makande yaliungua nyumba hii, kesho nyumba ile.

Mwenyekiti wa kamati yetu alipigiwa simu na namba asiyoijua. Sauti ya kistaarabu kabisa ikamuuliza, "Tata, mzee wangu, unapendelea jeneza la rangi gani?"

Akahama na familia yake siku hiyo hiyo. Simlaumu.

Tukabaki na Shangazi Nozintombi.

Huyu ni dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Mzee wa miaka sabini na kitu, kiko chake kirefu mdomoni muda wote, mdomo wenyewe haujui kufunga. Hakuchaguliwa kuwa kiongozi wa chochote. Alikuwa tu hajui kuogopa kimyakimya.

Na alikuwa na mtoto mmoja. Lwandile.

Lwandile alifanya kazi kwenye machimbo ya platinamu huko kaskazini mpaka walipopunguza watu. Akarudi nyumbani na kikohozi na begi moja. Wiki moja kabla ya lori, tulikuwa tunakula, yakatokea haya.

"Mama," akasema, "kampuni inaajiri vijana wa hapa."

"Kufanya nini?"

"Kazi."

"Nimekuuliza kazi gani, sijakuuliza kama ni kazi."

Lwandile akasukuma sahani. "Kuhamisha makaburi. Kwa heshima. Wanatoa na glavu."

Shangazi akachomoa kiko mdomoni. Mimi nikaacha kutafuna.

"Babu yako yuko kilimani pale," Shangazi akasema polepole. "Utamshika kwa glavu?"

"Mama, babu ana mahali pake pa kulala, na ng'ombe walichinjwa kwa ajili yake. Mimi nina nini? Nina miaka thelathini na nne, naomba hela ya vocha kwa mama yangu!"

Akainuka, akaondoka, na wiki nzima hatukumwona.

Sasa turudi kwenye lori.

Nilikimbia kukata kona kupitia mtoni. Nilipofika kilimani, akina mama walishafika. Sijui nani aliwaambia. Kila mmoja alikuwa amekalia mawe ya kaburi la kwao, shali mabegani, miguu imenyooshwa, kama watu wanaoota jua.

Nikakaa juu ya kaburi la baba. Moyo unanienda mbio mpaka naona aibu, nikihisi yule mzee anausikia kutoka chini.

Lori likasimama. Nyuma yake yakaja magari mawili ya polisi na gari moja jeupe.

Kwenye lile jeupe akashuka meneja wa kampuni, mzungu mwenye kofia pana. Na msichana mmoja wa watu weusi, kofia ngumu kichwani, koti la kung'aa. Kumbe ndiye mkubwa wa shughuli. Msimamizi wa makaburi, ametumwa na serikali. Bila yeye hakuna kaburi linaloguswa.

"Dumelani, wazazi," akasalimia kwa lugha ya watu wengine, halafu akajirekebisha haraka. "Molweni, wazazi wangu. Naitwa Vuyelwa. Nimekuja kuwahamisha wapendwa wetu."

"Wapendwa wa nani?" akapaza sauti mama mmoja.

"Wao wamekwambia wanataka kuhama?" akadakia mwingine.

Vicheko. Lakini vya wasiwasi, vya kukatikakatika.

Ndipo vijana wakaanza kushuka kwenye lori na majembe yao. Wa tatu kushuka alikuwa Lwandile.

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amekalia kaburi la babu, la kwanza kabisa kwenye mstari. Hakupiga kelele. Alimwangalia mwanawe akija mpaka akasimama mbele yake, jembe mkononi, glavu mpya za njano.

"Mama, sogea."

"Mama yako nani?"

"Mama, tafadhali. Watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Hata mimi naangalia. Naangalia kijana mmoja, glavu zinamkaa vizuri sana. Ni mtoto wa nani vile?"

Lwandile akainamisha kichwa.

Kapteni wa polisi, mtu mzima mwenye macho ya usingizi, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba tuna muda mfupi wa kuondoka kwa hiari. Tukaanza kuimba. Muda ukaisha.

Kimenuka.

Askari wakaanza kutunyanyua mmoja mmoja. Walinishika kwapa na miguu. Nikashika jiwe la baba, jiwe likabaki mikononi mwangu, nikabebwa nalo kama mwizi wa mawe. Shali yangu ikachanika. Mama mmoja aliangukia bega, likateguka, na ukelele aliotoa uliwafanya hata vijana wa majembe wageuke pembeni.

Shangazi hakusubiri kubebwa.

Alisimama mwenyewe, akajikung'uta sketi, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya yule msimamizi. Kapteni akawaashiria askari wasimguse. Nadhani aliogopa afya yake.

"Binti," Shangazi akasema. "Umekula?"

Vuyelwa akashtuka. "Nimekunywa chai, Makhulu," akajibu, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Unakuja kufukua watu na chai tupu tumboni. Haya. Wewe ni wa ukoo gani?"

Kwetu swali hilo huwezi kulikwepa. Ukiulizwa ukoo unajibu, hata kama umeshikilia bunduki.

"Ni Jali."

Shangazi akamzunguka kidogo, akimwangalia kama mtu anayekagua ndama mnadani.

"MaJali, binti wa Jali. Babu yako mzaa baba, jina lake nani?"

"Mabhalane."

"Yo!" Shangazi akajipiga paja. "Yo, yo, yo! Mabhalane Jali! Watu wangu, mmesikia?"

Sisi hatukuwa tumesikia chochote. Tulibaki mdomo wazi.

"Njoo huku, mtoto wa Mabhalane." Akamshika mkono, akamvuta mpaka mwisho wa kilima, kwenye chungu kikubwa cha mawe kilichojitenga. Wapimaji wa kampuni walishakipaka namba nyekundu kama makaburi mengine.

"Mwaka sitini," Shangazi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lori, "wakati wanaume wetu walipokuwa wanakutana milimani kuikataa serikali ya makaburu, alikuja mtu wa ukoo wa Jali kutoka mbali kuwasaidia. Mabhalane. Akapigwa risasi. Nilikuwa mtoto, nilimwona akibebwa kwenye blanketi. Mkewe alikimbia na mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye baba yako. Na babu yako ndiye huyu hapa. Ndiye uliyemletea sanduku."

Ndugu zangu, nilitaka kuzimia.

Pale hakulala mtu yeyote wa ukoo wa Jali. Pale hakulala mtu kabisa!

Pale alizikwa Sajini. Farasi wa babu. Babu alimpenda farasi yule kuliko baadhi ya watoto wake, akamzika kwa mawe. Kijiji kizima kinajua.

Nikawatazama akina mama. Wote walikuwa wameangalia chini. Mmoja alikuwa ameng'ata shali ili asicheke, au asilie. Siku ile ilikuwa ngumu kutofautisha.

Vuyelwa alisimama mbele ya yale mawe.

Meneja akaja mbio. "Huu ni upuuzi! Huyu mwanamke anatunga!" Akageuka, akawaangalia vijana wake, akamwonyesha Lwandile kidole. "Wewe. Wewe ni mwenyeji hapa. Ni kweli hayo?"

Nakwambia, kulikuwa na upepo siku ile, lakini mimi sikuusikia tena.

Lwandile alikuwa akipanda juu ya mawe yale tangu utotoni. Alikuwa anajua jina la farasi, rangi yake, hata tabia yake ya kung'ata wageni. Na alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu mgodini.

Akamtazama mama yake. Shangazi hakumkonyeza, hakumwomba kwa macho. Alikuwa ameshika kiko kilichozimika.

Lwandile akavua glavu moja. Akavua ya pili.

"Ni kweli," akasema. "Tukiwa watoto tulikatazwa kukanyaga hapo. Tuliambiwa kuna mgeni amelala."

Meneja akatukana kwa lugha yao.

Na Vuyelwa, mbele ya polisi, mbele ya kampuni, akavua ile kofia ngumu. Akapiga magoti. Akaokota jiwe, akaliweka juu ya mawe mengine, kama tunavyofanya sisi. Mabega yake yakatikisika.

Alipoinuka alikuwa mtu mwingine.

"Kapteni," akasema, "msimamizi haruhusiwi kusimamia makaburi alipozikwa ndugu yake. Ni sheria. Najitoa sasa hivi."

"Tutaleta msimamizi mwingine!" meneja akafoka.

"Mleteni. Uteuzi unapita ofisini, unachukua wiki kadhaa. Mpaka hapo, kilima hiki hakina msimamizi. Jembe likigusa udongo hapa ni kosa la jinai. Kapteni, utalazimika kumkamata atakayelishika. Na atakayemwagiza."

Kapteni alitazama kilima. Alitazama lile bega lililoteguka. Niliona kabisa, kwa macho yangu, mtu mzima akipumua kama aliyetuliwa gunia.

"Pandeni magari," akawaambia watu wake.

Lori likageuka na majeneza yake yote, matupu.

Hatukushangilia. Tulibaki tumesimama tukisikiliza injini mpaka zikapotea, na hata zilipopotea tuliendelea kusikiliza.

Wiki zile chache zilitutosha. Wakili wetu alikuwa anahangaika na mahakama kuu kwa muda mrefu. Safari hii akapata zuio. Hakuna kaburi kuguswa mpaka kesi ya ardhi iamuliwe.

Ungedhani Shangazi angefurahi. Wapi!

Alikosa raha kabisa. Chakula hali. Anaanza kufagia uwanja, anaacha katikati. Anatoka kwenda zizini, anarudi bila kukumbuka alichofuata.

"Shangazi, unaumwa?"

"Nimemdanganya mtoto wa watu kuhusu wafu wake, Khanyiswa. Nimempigisha magoti kwa farasi."

"Lakini umeokoa kilima."

"Kwa kufanya walichokuwa wanafanya wao. Wao walichezea wafu wangu, mimi nikachezea wa kwake. Yule binti sasa anachinja mbuzi kwao, anamwombea babu aliyelala Gcobeni. Na sasa watakuwa wamemfukuza kazi, kwa sababu ya mdomo wangu. Mtafute. Mwambie ukweli. Akitaka kuja kunitemea mate, mwelekeze njia."

Haikuwa kazi rahisi. Niliulizia ofisini kwao kwa simu, wakanikatia. Mwishowe mtu mmoja akanidokeza kwamba yuko Mbizana mjini, kwenye duka la dada yake linaloshona sare za shule.

Nikamkuta anapinda sketi ya bluu kwenye cherehani. Hana kofia ngumu wala koti la kung'aa. Alinitambua mara moja.

"Wewe ndiye uliyebebwa na jiwe," akasema.

"Ndiyo mimi." Nikakosa pa kuanzia. Nikaamua kurusha tu, bila chenga. "Dada Vuyelwa, Shangazi amenituma. Pale mwisho wa kilima hakuna babu yako. Shangazi alidanganya. Amenituma nikuombe radhi. Ukikasirika una haki."

Vuyelwa akasimamisha cherehani.

Akageukia mlango wa nyuma, akaita:

"Tat'omkhulu! Njoo uwaone watu waliokuzika!"

Pazia likafunguka. Akatoka mzee mwembamba, mrefu, fimbo mkononi, mdomo umejaa mkate.

"Nani kanizika?" akauliza.

Nikakaa kwenye sakafu. Siyo kwa adabu.

"Huyu ndiye Mabhalane Jali," Vuyelwa akasema. "Babu yangu. Miaka tisini na mmoja. Kesi yake kubwa kwa sasa ni mbuzi wa jirani. Na tangu azaliwe hajawahi kufika baharini."

"Kwa hiyo... siku ile ulijua?"

"Nilijua kabla shangazi yako hajamaliza kujipiga paja."

"Lakini ulilia! Nilikuona!"

Akainama, akaokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Nililia kweli. Kabla ya kwenu nilihamisha makaburi ya kijiji kingine. Masanduku mawili yalichanganyika lebo. Kampuni wakasema funika, nani atajua. Nikafunika. Tangu siku hiyo kila nikifumba macho najiuliza nani anamlilia nani pale. Nilipokuja kwenu nilikuwa naomba njia nzima litokee jambo. Gari liharibike, mvua inyeshe, chochote. Kukataa tu kusingesaidia, wangeniondoa na kumweka mwingine siku hiyo hiyo. Nilihitaji sababu inayotambuliwa na sheria zao. Halafu bibi mmoja mwenye kiko akaja kuniuliza kama nimekula."

"Wamekufukuza?"

"Ndiyo. Walichunguza, zuio lenu likiwa limeshatoka. Wakamkuta marehemu anakula mkate."

Yule mzee akacheka mpaka akapaliwa, tukampiga mgongoni.

Nilirudi nao wote wawili Gcobeni. Mzee Mabhalane alisema lazima aone alipozikwa.

Shangazi alikuwa uwanjani. Nilimweleza yote palepale, Vuyelwa akiwa amesimama pembeni kama mkwe mpya. Shangazi akasikiliza, kiko mkononi, uso haujulikani kama unacheka au unapasuka.

Akamtazama mzee. Akamtazama binti.

"Kwa hiyo wewe binti ulinidanganya kwamba nimekudanganya."

"Ndiyo, Makhulu."

"Mwongo mmoja ni aibu," Shangazi akasema. "Waongo wawili, huo sasa ni ukoo. Lwandile! Kamata mbuzi."

Lwandile akakamata mbuzi. Alikuwa amerudi kuishi nyumbani, bado hana kazi, bado anakohoa. Siku ile mama yake alimkatia nyama ya kwanza kwa mkono wake.

Mzee Mabhalane alipelekwa kilimani, akasimama mbele ya mawe ya Sajini, akavua kofia, akamshukuru farasi kwa kumshikia nafasi. Halafu akaiona bahari. Akakaa akiitazama mchana mzima.

Sasa msije mkadhani yameisha. Kesi ingali mahakamani. Kampuni imebadilisha jina, meneja ni mwingine, mchanga ni ule ule. Mimi mpaka leo nikipika natazama dirishani kuliko ninavyotazama chungu.

Ila nimejifunza jambo, nawaachia na ninyi.

Anayekuja na lori usimwandike adui kabla hujamuuliza anatoka kwa nani. Kuna watu wamebeba amri mkononi huku kimoyomoyo wanaomba mtu awape sababu ya kuitupa. Siyo wote. Yule meneja wala usimpotezee muda. Lakini wapo.

Wape sababu.

Naishia hapa. Shangazi ananiita, anasema kuna watu wamesimama ng'ambo ya mto wanapima kitu, na yeye tayari ameshavaa shali.